Mama wa njiti naye ni mgonjwa wenu

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watu wasio na faili hospitalini: wazazi wa watoto mahututi na wa watoto njiti.

Chukua mama wa Kasigau aliyejifungua mtoto wa miezi saba. Anaambiwa yeye ameruhusiwa, mtoto atabaki. Kurudi nyumbani hawezi, maana kila baada ya saa tatu anatakiwa akamue maziwa, ayapeleke kwa kikombe, mtoto alishwe kwa mpira wa puani. Basi analala kwenye benchi, mshono bado mbichi. Mashine ikilia anaruka. Muuguzi anabonyeza kitufe, anaondoka. Huenda ni waya tu umechomoka mguuni. Lakini nani amemwambia?

Siwalaumu wauguzi. Mwenye vichanga chungu nzima zamu ya usiku atakaa kuzungumza saa ngapi? Ndiyo maana nimekuja kwako. Tangu 2013 hospitali hizi ziko mikononi mwa kaunti, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezibebesha kaunti huduma hiyo pia. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njiti awekwe kifuani mwa mamake mapema, familia ishiriki kumhudumia, nayo isaidiwe.

Hatuombi jengo. Tunaomba mshauri nasaha katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, akae na wazazi kila siku, saa inayojulikana, awaeleze mtoto ameamkaje. Tunaomba vitanda vya kina mama walioruhusiwa. Na baba aingie. Akiishia getini na chupa ya uji, anarudi Mwatate kuulizwa na ukoo mzima maswali asiyoyaweza (na ukoo wa kwetu, unaujua, huuliza).

Anayepewa rufaa kwenda Mombasa, kilomita zaidi ya 150, apigiwe simu na mtu wa huku anayemjua. Na mtoto akifariki, mzazi asikabidhiwe karatasi za mochari akiwa amesimama koridoni. Apewe kiti. Akitaka kumpakata mwanawe kwanza, aachwe ampakate.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vikiitishwa nitakuja. Naomba nikute fungu la kazi hii limeshaandikwa, tujadili kiasi tu.

Wako,
Mkazi wa Voi