Jarida la Shule si Mchezo

Kuna lalamiko linalosikika katika nyumba nyingi za mijini kila mitihani inapokaribia. Kijana hurejea jioni amechoka, macho mekundu, na akiulizwa alikuwa wapi hujibu kwamba alikuwa akipanga kurasa za jarida la shule. Baba hukunja uso. Ada imelipwa kwa taabu, nauli hutolewa kila kukicha, na mwana anashughulika na picha na vichwa vya habari! Amri hutolewa papo hapo: jarida liachwe, vitabu vishikwe. Nawaomba wazazi wa namna hiyo wasubiri kidogo, maana sidhani kama wamepata kuelezwa kazi yenyewe ni ipi.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, chuo ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walianzisha jarida lililoitwa Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hawakuwa na kiwanda cha chapa. Jarida lilipigwa taipu kwenye stensili, kisha likarudufiwa kwa mashine.

Vijana wa leo huenda hawajaiona stensili. Ilikuwa karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Mpiga taipu aliuondoa utepe wa wino njiani, ili herufi za chuma ziichane nta ile na kuacha njia ya wino kupita. Akigonga kwa uzito, herufi kama “o” ilikatika katikati na kubaki tundu, na kila nakala ikatoka na doa jeusi badala ya herufi. Akigonga kwa wepesi mno, maneno hayakuonekana. Akikosea, alipaka dawa ya kusahihishia, akasubiri ikauke, kisha akagonga upya palepale. Kwa hiyo mtu hakuketi mbele ya taipureta akingojea mawazo yaje. Ilimpasa ajue mapema kila mstari utaishia wapi, kichwa cha habari kitachukua nafasi gani, na mchoro utakaa upande upi.

Hapo ndipo penye elimu ninayoizungumzia. Kupanga jarida ni kupima mambo mengi yenye haki ya kusomwa, ilhali nafasi haitoshi. Mwaka 1970 wahariri wa Cheche walitoa toleo maalumu zima kwa ajili ya makala moja ndefu ya mwanafunzi mwenzao, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Fikiria, msomaji, uzito wa uamuzi huo: kumpa mtu mmoja jarida zima na kuwaambia wengine wangoje. Uamuzi wa namna hiyo haufundishwi ubaoni. Mwezi Novemba mwaka huohuo jarida lilipigwa marufuku, lakini makala ile inasomwa na kujadiliwa hadi leo.

Ipo pia hesabu, tena hesabu ya kweli. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Basi kijitabu cha namna hiyo kitakuwa na kurasa 12, au 16, au 20, 17 hakiwezi. Maandishi yakizidi ukurasa mmoja, mhariri ana njia mbili: kukata, au kutafuta ya kujaza kurasa tatu nyingine na fedha za kulipia karatasi. Nami naona kukata ndiko kunakomkomaza kijana zaidi. Kumwendea rafiki yako na kumwambia kwamba shairi lake zuri halina budi kupungua beti mbili, kisha mkabaki marafiki, ni ustadi ambao wakubwa wengi maofisini bado hawajaupata.

Kadhalika kijana hujifunza kumfikiria mtu asiyemwona. Mstari ukiwa mrefu mno, jicho la msomaji hupotea linaporudi kuutafuta mstari unaofuata. Ndiyo maana magazeti hugawa kurasa katika safu. Ukurasa uliojazwa maneno hadi ukingoni huchosha, na nafasi nyeupe inayoachwa kwa makusudi humpa msomaji pumzi. Leo kompyuta hupanga safu kwa dakika chache na kusahihisha bila dawa. Hata hivyo, haitamwambia mhariri ni habari ipi istahili ukurasa wa mbele.

Katika wahariri wale watatu, Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu za tiba, na Bibi Meghji alikuwa Waziri wa Fedha kati ya mwaka 2006 na 2008, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo nchini mwetu. Sisemi kwamba stensili ndiyo iliyompa uwaziri! Nasema tu kwamba jarida halikuwazuia kufika walikofika.

Mzazi ana haki ya kuweka mipaka, na wiki mbili kabla ya mtihani jarida lisubiri. Lakini kabla ya kulipiga marufuku nyumbani kwako, keti na mwanao umwombe akuonyeshe kazi yake. Chukueni karatasi nne, mzipachike pamoja na kuzikunja katikati, kisha mwandike namba za kurasa toka 1 hadi 16. Zikunjueni. Mtakuta ukurasa wa 1 umelala ubavuni mwa ule wa 16, na wa 2 ubavuni mwa ule wa 15, na kila jozi ikijumlishwa hutoa 17. Mwulize mwanao picha kubwa ya kurasa mbili aiweke wapi ili isikatwe na mpaka wa karatasi. Akikujibu bila kusita kwamba ni kurasa za 8 na 9, katikati kabisa, utajua jioni zile zilikwenda wapi.