Mke Mwenza wa Plastiki

Mwezi huu tuziache kidogo nyumba ndogo, maana tumeziandika mpaka wino umekaribia kwisha. Tumzungumzie mke mwenza mwingine, yule asiye na simu, asiyepaka lipstiki wala kupiga mizinga: hobi ya mwanaume. Wapo walioolewa na mpira, wapo wanaolala kwenye bao, na wapo wanaoshinda gereji hata kama gari ni zima. Hao tumewazoea. Lakini kuna dada mmoja wa Ujiji (jina lake ninalo, silitoi) ambaye mke mwenza wake ana urefu wa sentimita mbili na nusu, na kapanda farasi!

Anaandika kwamba mumewe, baba wa watoto watatu, akishamaliza ugali na migebuka anawasha taa ya mezani, anavaa miwani na kuinama mpaka saa sita usiku. Anachofanya ni kupaka rangi visanamu vya plastiki vya askari wa farasi wa Napoleon. "Dada mhariri, mtu mzima na midoli! Mama mkwe kaja kutoka Kasulu kaniuliza kama kuna kitu nimemlisha mwanawe."

Pole shoga. Nilicheka, halafu nikapiga simu, na baadaye nikaongea na shemeji mwenyewe. Jamani, hii kazi si mchezo.

Visanamu hivi vimepunguzwa mara 72, kwa hiyo mwanaume wa kawaida anabaki na milimita 24 hivi. Wenzetu Ulaya wanavipenda tangu miaka ya 1950 na 1960, kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipoanza kuviuza kwenye maboksi ya bei poa. Plastiki yake ni laini na ina utelezi, ukipaka rangi moja kwa moja inabanduka kama kucha ya bandia. Kwanza unakiogesha kwa maji ya sabuni, kikikauka unakipaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ndipo rangi ifuate, tabaka jembamba jembamba, kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zako. Macho wengi hawayachori. Wanaacha kivuli tu, na kwa umbali wa mkono unaapa kwamba kinakutazama.

Sasa sikia sehemu iliyonifanya niandike. Shemeji hapaki tu, anawabadilisha. Anakata, anaunga, askari wa Ufaransa anageuka mtu mwingine kabisa. Nikamuuliza, wanageuka nani? Akajibu: wapagazi.

Hapa nivute kidogo historia, msinikimbie. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika ziwani kwetu, Wajerumani walikuwa na meli yao Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Ndiyo hiyo hiyo Liemba mnayoijua. Waingereza nao wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, za mita 12 tu, kutoka Cape Town mpaka Kongo. Kila anayesimulia kisa hicho anamsifia kamanda Spicer-Simson na mbwembwe zake. Milima ya Mitumba boti ziliivuka kwa mitambo ya mvuke, ng'ombe, na mamia ya watu waliofyeka njia na kujenga madaraja. Majina yao nani anayajua?

Farasi walijaribiwa. Mwaka 1916 kikosi cha Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini kilipanda farasi kuelekea Kondoa Irangi, na farasi wakafa kwa mamia kwa magonjwa na mbung'o. Vita ya huku ilibebwa vichwani. Wanahistoria wanahesabu wapagazi wa pande zote kuwa karibu milioni moja, na kwa upande wa Waingereza peke yake waliokufa ni kama 95,000. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Lakini pale Posta, Dar, sanamu ya 1927 ni ya askari na bunduki yake, peke yake. Nairobi angalau walimweka mpagazi naye.

Kwenye maboksi ya plastiki ni vilevile. Wapanda farasi wamejaa, mpagazi kumpata ni kazi. Kwa hiyo shemeji anamchukua yule aliyeinua upanga juu, anamkata upanga, na ule mkono ulioinuka unakuwa unashikilia mzigo kichwani. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kwenye simu. Kofia ndefu inakatwa, mapambo ya kifuani yanakwanguliwa kwa wembe. Miguu iliyozoea tandiko imepanuka, basi anaitumbukiza kwenye maji ya moto, anaibana, kisha maji ya baridi ili igande hivyo. Gundi haishiki vizuri plastiki hii, kwa hiyo shingo na kiuno anavipigilia kipande cha sindano. Shuka ni karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi.

Nikamuuliza, kwa nini wapagazi? Akasema, "Mke wangu aliwahi kunisimulia."

Baba wa bibi yake, mzee wa Ujiji, alichukuliwa na Wabelgiji kubeba mizigo kuelekea Tabora mwaka 1916. Hakurudi. Picha hakuna, kaburi hakuna. Mke alikisimulia kisa hicho mara moja, wakiwa wachumba, akasahau kwamba alikisema. Bwana hakusahau, lakini naye kakaa miezi saba mezani bila kufungua mdomo! Wanaume, kha! Mwenzio anadhani umerogwa na wewe unamchongea babu yake. Na wewe dada, miezi saba unanung'unikia jikoni, hujavuta kiti hata siku moja ukauliza, "Huyu ni nani?"

Nimewaambia wote wawili: vijisanamu visiguse ada ya watoto, na meza iwe siku tatu kwa wiki, si saba. Shemeji kanuna kidogo, kakubali.

Juzi dada kanitumia ujumbe. Kakaa naye mezani kwa mara ya kwanza. Wapagazi kumi na mmoja wamekamilika, kila mmoja na sanduku la njiti za kiberiti kichwani. Kawaangalia weee, halafu kasema: "Bibi alisema alitwishwa gunia."

Shemeji kachukua wembe, kaanza kuyabandua masanduku.