Jeneza Haliulizwi Bahasha

Mtu akifa Uyole, Tukuyu, Ilula au Mafinga, hata kabla vijana hawajachukua majembe kwenda kuchimba kaburi, swali huanza kupita msibani kwa sauti ya chini: alikuwa anasali wapi? Swali hilo halina ubaya, kwani mtu hupenda kuzikwa na watu wake. Ubaya uko katika maswali yanayofuata. Jumuiya alikuwa anahudhuria? Ahadi ya ujenzi aliimaliza? Zaka ya mwaka huu je? Mzee wa kanisa anampigia simu mtunza hazina, daftari linafunguliwa, namba ya bahasha ya marehemu inatafutwa. Ikikutwa na mapengo, familia inaambiwa mchungaji hatafika. Atakuja mzee mmoja kusoma sala fupi pasipo kwaya wala joho, au hatakuja mtu kabisa.

Hiyo ni dhambi. Sisemi ni upungufu wa utaratibu, wala sisemi ni ukali uliopitiliza kidogo. Ni dhambi inayotendwa mchana, mbele ya watoto wa marehemu, na watu ambao wengi wao ni wema na wanadhani wanalilinda kanisa. Haina dhehebu. Utaisikia kwenye parokia na kigango, kwenye usharika wa Kilutheri na ushirika wa Kimoraviani, na kwenye makanisa ya kiroho ambayo hayakuwapo babu zetu walipobatizwa. Kwa sababu imeenea hivyo, imeanza kuonekana kama sehemu ya imani yenyewe, hadi vijana wanauliza kwa dhati kabisa: Mkristo ni nani? Ni aliyebatizwa, au ni aliyemaliza michango?

Ni swali la haki, na jibu lake halihitaji semina. Biblia ile ile inayosomwa makaburini ina habari ya watu wawili waliodanganya kuhusu sadaka. Anania na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakasema uongo mbele ya Petro. Wote tunajua walivyoishia. Lakini soma sura hiyo ya tano ya Matendo ya Mitume mpaka mwisho wa habari yao: vijana wa kanisa waliondoka, wakamchukua mume, wakamzika, wakarudi, wakamchukua mke, wakamzika karibu naye. Walikufa wakiwa wamemwambia Mungu uongo, na kanisa bado liliwazika. Sasa mama wa Kilolo aliyebakiza shilingi elfu thelathini za ahadi ya mabati, amefanya kosa gani kubwa kuliko la Safira?

Tuseme ukweli kuhusu wanaokutwa na mapengo kwenye daftari. Wanaokufa ghafla ni wachache. Walio wengi hufa baada ya kuuguzwa miezi au miaka, na ugonjwa ndio unaokausha bahasha. Familia imeuza debe la mwisho la mahindi, imeuza ng'ombe, imeweka shamba rehani, imelipa nauli ya kwenda na kurudi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hadi imechoka. Tusisahau pia tunaishi wapi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 uliwakuta na virusi vya Ukimwi asilimia 11.3 ya watu wazima wa Iringa na asilimia 9.3 ya wale wa Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Njombe, jirani yetu, ilikuwa juu kidogo zaidi. Mikoa hii imezika vijana wengi waliougua muda mrefu, na imeacha bibi wengi wakilea wajukuu. Kwa hiyo kanuni ya "hajatoa, hazikwi" haimkamati tajiri mgumu wa kutoa. Inamkamata mgonjwa, mjane na bibi mwenye wajukuu watano. Inamkamata pia mkulima wa viazi wa Uporoto aliyetaja ahadi yake Januari bila kujua kwamba wakati wa mavuno mnunuzi atamfungia lumbesa kwa bei ya kutupa, na mkulima wa nyanya wa Ilula aliyeona tenga zake zikiozea kando ya barabara kuu.

Na yule aliyekuwa akitoa bahasha nene? Huyo tunamjua. Kiwanja alichojengea ni cha watu wengine, nyumba ndogo yake ilijulikana mtaa mzima, na mahubiri ya maziko yake yalichukua saa nzima yakimsifu kwa moyo wa kujitoa. Hakuna aliyefungua daftari lolote siku hiyo. Nidhamu ya kanisa inayoshika shilingi na kuachia uzinzi na dhuluma haistahili jina hilo.

Nawaomba Walutheri wa Iringa na Konde wakumbuke kanisa lao lilitokana na nini. Oktoba 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95 kwa sababu ya fedha na wafu. Vyeti vya rehema vilikuwa vinauzwa kwa watu maskini, wakiambiwa kwamba malipo yao yangewafaa hata ndugu zao waliokwisha kufa. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma, na sehemu ilikwenda kulipa deni la askofu mkuu Albrecht wa Mainz. Fedha za ujenzi zikadaiwa juu ya migongo ya marehemu: ndicho kilichomwasha yule mtawa. Miaka zaidi ya 500 baadaye, mtu anayejiita mrithi wake anasimama Iringa na kudai ahadi ya ujenzi juu ya jeneza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linasema kanisa ni kusanyiko la waaminio ambamo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa inavyopasa, na kwamba hayo yanatosha kwa umoja wa kanisa. Mchungaji huapa siku ya kubarikiwa kwake kuyashika maungamo haya. Daftari la ahadi halimo.

Wakatoliki nao wasijifiche nyuma ya jumuiya ndogo ndogo, jambo jema ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki walilikumbatia miaka ya 1970 ili waamini wajuane na wasaidiane. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanoni ya 1184, inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: waliokana imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa hadharani ambao maziko yao yangewakwaza waamini; na wote hao ni pale tu wanapokuwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Panapokuwa na shaka, anayeamua ni askofu wa mahali. Mwenyekiti wa jumuiya hakutajwa. Kanoni ya 1181 inakwenda mbali zaidi: inaonya kwamba katika maziko kusiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe maziko wanayostahili. Imeandikwa hivyo kwa sababu Kanisa lilikwisha kuona, karne nyingi kabla yetu, fedha inavyoweza kuingia makaburini.

Wamoraviani wana ushahidi mzito kuliko wote, nao uko ardhini. Kule Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanza mwaka 1722 na ambako ndiko walikotoka wamisionari waliotumwa Rungwe, makaburi ya waumini yamefunikwa mawe bapa yanayofanana, tajiri kando ya fundi seremala, wakizikwa kwa kufuatana walivyokufa. Ni familia ya Zinzendorf, mwenye ardhi, iliyopata mawe makubwa. Waliobaki walifundishwa kwamba kifo kimewasawazisha. Mwaka 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, mwaka uleule Misheni ya Berlin ilipoingia nchi ya Konde, na fundisho la mawe yale lilikuwa sehemu ya walichokuja nacho. Leo wajukuu wa kiroho wa kijiji kile wanapanga maiti kwa madaraja ya michango.

Baada ya misheni hizo kuanza, ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, vituo vya misheni vikabaki bila wamisionari, na kwa miaka kadhaa walimu na wazee wenyeji ndio walioshikilia ibada na shule katika Nyanda za Juu Kusini, hadi Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walipokuja kusaidia na Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Tunapenda kujisifia historia hiyo kwenye maadhimisho. Basi tuifuate. Kanisa lile lilisimama kwa sababu watu hawakuachana wakati wa shida, na mazishi ndiyo shida yenyewe.

Wala huhitaji kwenda Ulaya kujifunza maana ya kumzika mtu. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika makala juu ya desturi zao za mazishi, kwa sababu aliona kwamba msibani ndipo ukoo na kijiji vinapoonekana. Hadi leo kutokwenda msibani Rungwe ni kosa ambalo majirani hawalisahau. Na watu wa Iringa wanajua uchungu wa kunyimwa mwili wa mtu wao. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikufa Julai 1898, kichwa chake kikachukuliwa, Mkataba wa Versailles ukaagiza kirudishwe, na Wahehe wakangoja hadi Juni 1954 ndipo fuvu likafika Kalenga. Miaka 56. Watu waliongoja hivyo kwa ajili ya mfu mmoja hawapaswi kuambiwa na mtunza hazina kwamba kumheshimu marehemu ni jambo la stakabadhi.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba kanisa linahitaji fedha. Ni kweli. Mwinjilisti wa mtaa wa kijijini anaishi kwa posho ndogo inayochelewa, paa linavuja, na muumini ana wajibu wa kutoa. Sibishani na zaka. Napinga kuifanya maiti kuwa rehani. Wanaouliza "tukizika wote, nani atatoa?" wanakiri bila kujua kwamba watu wao wanatoa kwa kuogopa kuaibishwa siku ya kufa. Kanisa la namna hiyo limekwisha kuwa kikundi cha kufa na kuzikana, chenye ada, daftari na faini, na kikundi cha kufa na kuzikana kinaweza kuendeshwa hata na wasioamini Mungu.

Jibu la pili ni nidhamu: hakuonekana kanisani miaka mitatu, kwa nini adai kanisa akifa? Kwanza, yeye hadai kitu, ni maiti. Pili, nidhamu aliyoifundisha Yesu katika Mathayo 18 ni ya walio hai. Unamwendea ndugu yako mkiwa wawili tu, kisha unachukua mashahidi, kisha unaliambia kanisa, na shabaha ni kumpata tena. Kama hakuonekana miaka mitatu, mlimtembelea mara ngapi? Nani alikwenda kukaa kitandani pake? Wengi wa hawa walitembelewa na mtu mmoja tu kutoka kanisani, aliyepeleka bahasha za mavuno. Kumtenga mtu aliyekwisha kufa hakumrudishi kundini. Adhabu inamwangukia mjane na watoto, nao wanakumbuka. Miaka ya 1920 misheni zilipowafungia mlango wenye wake wengi, Jordan Msumba alianzisha Kanisa la Mwisho huko Karonga, likaenea hadi Rungwe, likawapokea. Wale waliofunga mlango walikuwa angalau na fundisho la ndoa la kulitetea, tukubaliane nalo au tusikubaliane. Sisi tunafunga kwa hesabu ya shilingi, na wanaoachwa makaburini leo kesho yake wako kwenye hema la nabii anayewauzia maji.

Linalonikera zaidi ni kwamba uwezo wa kuamua mambo tunao. Machi 2022 Dayosisi ya Konde ya KKKT ilifanya mkutano mkuu maalumu na kumwondoa askofu wake, baada ya mgogoro uliohusu, pamoja na mengine, kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Watu walisafiri, walipiga kura, magazeti yaliandika. Kumbe tukitaka tunaweza kukusanyika na kukata shauri zito ndani ya siku moja. Ofisi ya askofu ikae mji gani lilionekana ni suala la kuitisha mkutano mkuu. Mjane anayezika mumewe bila mchungaji, wakati mchungaji yuko nyumbani kilomita mbili tu, bado hajaitishiwa mkutano.

Aitishiwe. Jimbo Kuu la Mbeya na Jimbo la Iringa, dayosisi za Kilutheri, majimbo ya Moraviani ya Kusini na Kusini Magharibi, na makanisa ya Kipentekoste yenye mizizi yake Mbeya, yatoe waraka unaosomwa siku moja madhabahuni kote, kwa maneno yasiyopindika: kila aliyebatizwa atazikwa na mchungaji, padre, mwinjilisti au katekista, deni la ahadi hufa na aliyeahidi na halidaiwi wala kutajwa msibani, maamuzi ya kumnyima mtu maziko hayafanywi na kamati ya mtaa wala jumuiya, bali na askofu, kwa maandishi na kwa sababu za imani peke yake. Usharika uwe na fungu la diakonia la sanda na jeneza kwa wasio na kitu, litokane na mnada wa mavuno.

Na wewe unayesoma, kama ni mzee wa kanisa au mjumbe wa halmashauri ya walei, usingoje waraka. Kikao kijacho omba hoja hii iandikwe kwenye ajenda, juu ya taarifa ya fedha, na uombe kila mjumbe aseme msimamo wake kwa sauti huku katibu akiandika majina.