Jezi Nambari 44

Leo tuvuke bahari hadi Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Kandanda ya Wamarekani si hii yetu. Mpira wao una umbo la yai na hubebwa mikononi kama katika raga.

Mwaka 1959 Ernie Davis alikisaidia chuo hicho kutwaa ubingwa wa taifa. Alivaa jezi nambari 44, iliyokuwa ya gwiji Jim Brown. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ilianza kutolewa 1935, na hakuna mtu mweusi aliyeipata. Brown mwenyewe aliikosa 1956. Davis akaishinda 1961.

Klabu ya kulipwa ya Cleveland Browns ikamchukua. Masikini, kabla hajaichezea mechi hata moja ya ligi, akapatikana na saratani ya damu. Aliaga dunia Mei 1963 akiwa na miaka 23.

Je, tuzo ile ilikuwa bure? La hasha! Wachezaji weusi wengi wameishinda baada yake.

Basi mzazi, mwanao akileta kikombe nyumbani, mpongeze. Kisha muulize: amewafungulia wenzake njia gani?