Mbaraka Mwinshehe alipikwa na bendi. Morogoro ya leo inampika nani?

Ukitaja gitaa na Morogoro, jina linalokuja kwanza ni Mbaraka Mwinshehe. Wengi humsimulia kama vile alishuka kutoka milima ya Uluguru na gitaa begani, fundi tayari. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, yeye ni kijana wa miaka 20 na ushee, bendi ina miaka 20 ya kupiga madansi. Kwa hiyo alikuta kila kitu: wakubwa wa kumrekebisha, nyimbo za kujifunza na watu wanaolipa kiingilio.

Halafu kuna suala la vyombo, ambalo watu hulipita haraka. Zama zile magitaa ya umeme na amplifaya kwa kawaida vilikuwa mali ya bendi, si ya mwanamuziki. Kijana aliweza kuja mikono mitupu, akaonyesha kipaji, akakabidhiwa chombo. Leo hii mtoto wa Kihonda au Mji Mpya anunue gitaa kwa hela ipi?

Na presha ilikuwepo. Mji huohuo ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na hata Salum alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliiendeleza. Bendi mbili kali, mji mmoja usio mkubwa. Ukipiga ovyo Jumamosi, mashabiki wako wanahamia kwa jirani. Hapo usipojifua utaumbuka.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka kwenda kuanzisha Super Volcano, akiwa tayari mpigaji solo, mtunzi na mwimbaji. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu.

Sasa tuangalie leo. Vipaji vipo, Morogoro ndiyo iliyomtoa Afande Sele. Ila njia ya sasa ni ya mtu mmoja: unaingia studio, prodyuza anakupa biti, unaimba, unasubiri ngoma yako ichezwe. Si dhambi, na ni rahisi kuliko kulisha watu kumi wa bendi. Lakini mpiga gitaa anajifunzia wapi? Wengi wanaishia kanisani, na tuwashukuru wanaowafundisha huko.

Serikali imeleta mkondo wa amali sekondari, na sanaa imo. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Ni hatua nzuri, ila kwa maoni yangu mkopo wa mtu mmoja mmoja utazaa nyimbo zaidi kuliko wanamuziki. Seti moja ya vyombo ikiwekwa kwenye ukumbi wa halmashauri, vijana wakapangiwa zamu za mazoezi na Jumamosi wakapiga kwa kiingilio kidogo, ingefanya kazi ambayo Morogoro Jazz ilimfanyia Mbaraka. Gharama yake? Pengine haifikii ya tamasha moja la siku moja lenye msanii mkubwa kutoka Dar.