Mgeni njoo, mwenyeji apone: Watafiti wa afya wameiachia nini Machakos?

Kila mwaka idara za afya ya jamii katika vyuo vikuu vyetu huandaa taarifa ya kazi zao. Mpangilio wake unajulikana: wanafunzi wangapi wamefuzu, wangapi wamepelekwa mashinani kwa mafunzo, tafiti ngapi zimechapishwa, warsha ngapi zimefanyika na wafadhili gani wamejitokeza. Ni taarifa nzuri, na mara nyingi kazi inayoelezwa humo imefanywa kwa jasho. Lakini kuna jambo moja ambalo ni nadra kulikuta ndani yake: kijiji kilichotembelewa kimebaki na nini baada ya basi la chuo kuondoka?

Swali hili linatuhusu sisi watu wa Pwani. Wanafunzi na watafiti wanapita kila mara katika vijiji vya Kilifi na Kwale, na katika mitaa ya Mombasa pia, wakiwa na hojaji mkononi. Choo kipo? Maji mnateka wapi? Kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi? Wapo akina mama waliokwisha kuulizwa maswali hayo mara tatu na watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuwaambia alichokigundua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wetu mwenye hojaji, mwenyeji anapona kwa lipi?

Ili kulijibu, tupande barabara ya Nairobi hadi Machakos. Sehemu chache sana nchini zimechunguzwa na wasomi kama ile, na historia yake ina upande wa kujivunia na upande wa kuhuzunisha.

Tuanze na wa kujivunia. Miaka ya 1970, Kituo cha Utafiti wa Tiba kilichokuwa Nairobi chini ya Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam kilianzisha utafiti mkubwa katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni. Takriban watu 24,000 waliandikishwa. Kila baada ya wiki mbili mfanyakazi wa utafiti alibisha hodi katika kila boma: nani amezaliwa, nani amefariki, mtoto gani ana surua, yupi anakohoa kifaduro. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka. Matokeo yake yalichapishwa katika majarida ya kitabibu, na mwaka 1984 yakakusanywa katika kitabu kuhusu afya ya mama na mtoto mashambani nchini Kenya.

Faida yake haikuwa ndogo. Siku zile wanawake wengi wa mashambani walijifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, na vifo vya watoto wachanga havikufika katika daftari lolote la serikali. Aliyetaka kujua surua inaua watoto wangapi kijijini alikuwa anakisia tu, kwa sababu hospitali ilimwona yule aliyefikishwa hospitali peke yake. Machakos ilisaidia kuondoa kukisia. Chanjo ya kifaduro pia ilifanyiwa majaribio huko. Katika miaka hiyohiyo, Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walichapisha, mwaka 1977, utafiti kuhusu umri unaofaa kumchanja mtoto wa Kenya dhidi ya surua. Ukimchanja mapema mno, kinga aliyoirithi kwa mamake huizuia chanjo isifanye kazi. Ukichelewa, surua inamfikia kwanza. Mama anayempeleka mwanawe kliniki leo akiwa na miezi tisa anafuata ratiba iliyotokana na hesabu za aina hiyo, zilizopigwa kwa damu na subira ya watu wa mashambani.

Sasa tuje kwenye upande wa kuhuzunisha.

Mwaka 1981, takwimu za mradi ule zikiwa bado zinachambuliwa, watu 20 katika wilaya hiyohiyo ya Machakos waliugua ghafla. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na ini likashindwa kufanya kazi. Kumi na wawili walifariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa mahindi waliyokula yalikuwa na sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Mwaka uliofuata habari hiyo ilichapishwa katika The Lancet, mojawapo ya majarida ya kitabibu yenye hadhi kubwa duniani. Chanzo kilijulikana, na njia ya kujikinga haikuwa fumbo: kausha mahindi sawasawa kabla ya kuyaweka ghalani, yaanike juu ya turubai wala si juu ya udongo, yaweke mahali penye hewa, na usile yaliyoota kuvu.

Ikapita miaka 23. Mwaka 2004 ugonjwa uleule ulirudi katika eneo lilelile: Makueni, ambayo ilikuwa sehemu ya Machakos hadi 1992, Kitui, Machakos yenyewe, na Thika. Safari hii walioandikishwa walikuwa wagonjwa 317, na waliofariki walikuwa 125. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watafiti walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni katika wilaya hizo, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa zimevuka kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Miaka miwili iliyofuata wagonjwa wengine waliripotiwa.

Tusimame hapo kidogo. Ugonjwa wa 2004 haukuwa mpya. Jina lake lilijulikana, chanzo chake kilijulikana, na hata wilaya yake ilijulikana. Yote hayo yalikuwa yamechapishwa tangu 1982. Ila yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mkulima wa Makueni hajawahi kulishika, wala chifu wake, wala pengine muuguzi wa zahanati yake. Maarifa yalisafiri kutoka kijijini hadi London yakachapishwa, lakini safari ya kurudi kijijini hayakuifunga.

Tutende haki. Si kosa la vyuo peke yake. Mvua ilinyesha wakati usiofaa. Mwenye njaa hatupi mahindi kwa kuwa yamebadilika rangi, na anayeogopa wezi huvuna mapema akayalaza ndani ya nyumba anamolala. Maafisa wa kilimo waliokuwa wakizunguka mashambani walikuwa wamepungua. Kukausha mahindi hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 na nusu ni rahisi kuandika kitabuni. Kwa mtu asiye na turubai wala kipima unyevu, huku mawingu yametanda, ni jambo jingine kabisa.

Lakini hapo ndipo afya ya jamii inapojitofautisha na matibabu ya hospitali. Daktari wa wadi humsubiri mgonjwa. Mtu wa afya ya jamii kazi yake ni kujua mahindi ya kijiji fulani yanavunwa mwezi gani, nani hana turubai, ghala lipi linavuja, na nani anasikilizwa barazani. Ikiwa idara imefundisha somo hilo mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wake wakapita maboma yaleyale, basi onyo la 1981 lilistahili kuwa sehemu ya maisha ya kijiji kufikia 2004, kama vile kila mama anavyojua leo kwamba chanjo ya surua ni miezi tisa.

Kwa nini chanjo ilifaulu na mahindi yakashindikana? Jibu langu ni kwamba chanjo ilipata mwenyewe. Wizara iliichukua, ikaipa ratiba, kadi, jokofu na muuguzi wa kuidunga. Onyo la mahindi halikupata mwenyewe. Lilikuwa la afya kwa sababu watu walikufa, la kilimo kwa sababu ni mahindi, la biashara kwa sababu yanauzwa, na kwa hivyo likawa si la mtu. Kinga nyingine zimekuja baadaye. Siku hizi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, papo hapo Machakos, hutengenezwa Aflasafe, dawa ya kunyunyiza shambani inayotumia kuvu wasio na sumu kuwafukuza wenye sumu. Lakini dawa nayo humfaa yule aliyesikia habari zake.

Machakos iliendelea kuwa uwanja wa majaribio. Desemba 2018, serikali ilipozindua majaribio ya mpango wa afya kwa wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Tangu wakati huo nchi imeiacha NHIF na kuhamia bima mpya ya SHA, Oktoba 2024. Ni haki ya wakazi wa kaunti zile nne kuuliza, kwa lugha wanayoielewa, majaribio yale yalifundisha nini kabla ya kuletewa mengine.

Msomaji wa Pwani asidhani haya ni ya bara. Sima tunayokula ni ya mahindi yaleyale, na joto la kwetu pamoja na unyevu ndiyo hali ambayo kuvu huipenda. Novemba 2019, shirika la kukagua ubora wa bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo. Nayo haiui kwa ghafla tu. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka inachangia saratani ya ini, na wataalamu wanaihusisha na kudumaa kwa watoto.

Tena sisi tuna mfano wa kuanzia. Kilifi, tangu mwaka 2000, mpango wa KEMRI na Wellcome Trust umekuwa ukiandikisha kuzaliwa, kufariki na kuhama kwa wakazi zaidi ya robo milioni. Ni Matungulu na Mbiuni kwa kiwango kikubwa zaidi. Lakini kuna tofauti moja: wakazi huchagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, kuuliza maswali na kupeleka malalamiko. Haijaondoa manung'uniko yote, na minong'ono kuhusu damu inayochukuliwa bado tunaisikia. Lakini angalau kuna mlango wa kubisha.

Mlango kama huo unapaswa kuwepo kwa kila idara ya afya ya jamii inayotuma wanafunzi mashinani, na hauhitaji fedha za Ulaya. Kwanza, wanafunzi warudi katika vijiji vilevile kila mwaka, na wa mwaka huu waanze na daftari la waliotangulia, ili mama yule asiulizwe habari za choo upya kama kwamba hakuwahi kuulizwa. Pili, kabla ya kuondoka wasome matokeo barazani kwa Kiswahili au kwa lugha ya pale, Kikamba, Kigiriama au Kidigo, na nakala ibaki kwa zahanati na kwa mzee wa kijiji. Tatu, kalenda ya mafunzo ifuate kalenda ya kijiji. Mwanafunzi anayefika wakati wa mavuno akiwa na kipima unyevu anaokoa watu wengi kuliko anayefika kiangazi akiwa na hojaji.

La nne ndilo kubwa zaidi. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa na simu, kila mmoja akihudumia takriban nyumba mia moja. Hao hawaondoki basi likiondoka. Idara inayofundisha bila kuwashirikisha inajenga juu ya mchanga. Wawekwe ndani ya utafiti tangu siku ya kwanza, na yale yaliyogunduliwa yaachwe mikononi mwao.

Baada ya hapo taarifa ya mwaka iongezewe ukurasa mmoja. Uorodheshe kila kijiji kilichotembelewa, kilichogunduliwa, aliyeambiwa, na kilichobadilika. Kama hakuna kilichobadilika, iandikwe hivyo. Madiwani wetu katika bunge za kaunti wanaweza kuudai ukurasa huo kabla ya kumruhusu mtafiti mwingine kuingia.

Watu wa Matungulu na Mbiuni walifungua milango yao kila baada ya wiki mbili, miaka nenda miaka rudi, na watoto ambao hawatawahi kulisikia jina la Mbiuni wananufaika hadi leo. Walistahili kurudishiwa angalau onyo moja kwa wakati. Wale 125 wa mwaka 2004 ndio hesabu ya kutorudishwa kwake.