Umeme Ukikatika Lugulu

Ndugu mwandishi, pamoja na shukrani kwa maelezo yako juu ya mashine ya kutotoleshea mayai nyumbani, naona yapasa kuongezwa jambo ambalo sisi wakaazi wa Lugulu, na jirani zetu wa Webuye hata Kitale, hatuwezi kulipuuza, nalo ni umeme unaokatika mvua za masika zikichacha, ilhali yai la kuku lahitaji harara ya nyuzi 37.5 hivi kwa muda wa siku 21. Umeme ukikosekana saa moja au mbili, aghalabu kiinitete hakifi, maadamu mwenye mashine haifungui kila mara kwa wasiwasi, bali huifunika blanketi na kuacha wazi matundu ya hewa. Kwa hakika joto lililozidi kiasi laua upesi kuliko baridi ya muda mfupi. Aidha, huku kwetu nyanda za juu, na Kitale yakaribia mita 1,900 juu ya bahari, yai hupoteza maji yake kwa haraka, kwa hiyo beseni la maji lisikauke, hususan siku tatu za mwisho ambapo mayai hayageuzwi tena. Nawasihi wauzaji wasimwuzie mama wa kijijini mashine pasi na betri ya akiba, naye asimuuze kuku wake anayeatamia, maana giza likizidi mayai yatawekwa chini yake.